Nusu ya Bango

Wiki tatu bango lilikaa kwenye kompyuta yangu, Makoroboi,
ghorofa ya pili, juu ya duka la mikanda na mabegi.
Kushoto uso mmoja: Shaame Faki wa Pemba,
kofia ya viua, tabasamu la kupimiwa.
Kulia weupe mtupu,
na maneno niliyoandika mwenyewe nisije nikasahau:
ATAKUJA MTU HAPA.

Tulichapa ya kwanza bila mtu. Elfu mbili.
Chama kilikuwa na haraka, sisi tulikuwa na deni la umeme.
Yakabandikwa Igoma, Buzuruga, mpaka kivuko cha Kamanga,
na watu wakaijaza ile nafasi wenyewe:
mmoja kachora jogoo,
mwingine kaandika namba ya fundi wa friji.
Lukelesha akarudi na gundi mpaka kwenye viwiko.
"Dada, wanauliza huyu wa karafuu
pamba ameiona wapi."

Majina yakapanda na kushuka kama bei ya sato.
Asubuhi profesa, mchana tajiri wa mabasi,
jioni mchungaji mmoja aliyekanusha kabla hajaulizwa.
Niliweka picha, nikafuta, nikaweka.
Profesa alifanana naye mno, miwani ileile, ukimya uleule;
ukiwapanga pamoja unaona mtu na kioo chake.
Tajiri alijaza nusu yake
akaanza kula na ya mwenzake.

Jumatano, saa sita kasoro usiku, simu ikalia.
Picha imepigwa na mtu asiyejua kupiga:
Nyanzobe Lutobeka wa Magu,
kitenge kichwani, jua machoni, hacheki.

Nani upande huu wa ziwa asiyemjua?
Alikuwa karani wa mizani ghala la ushirika,
enzi mama yangu anapeleka pamba kwa baiskeli.
Mnunuzi alikuwa na mguu.
Anausogeza polepole chini ya gunia, kilo nne zinakufa.
Nyanzobe akauona ule mguu.
Akafunga daftari, akasema foleni nzima ikisikia:
"Sipimi mpaka bwana huyu akasimame kule mlangoni."
Mwezi haukuisha, wakamfukuza kazi.
Foleni haikumfukuza.
Ilimpa udiwani, halafu ubunge.

Sasa mtazame Shaame. Sikumwongezea hata nukta.
Kofia ileile, meno yaleyale,
lakini kando ya mama huyu asiyecheka
tabasamu lake likapata sababu.
Nikapunguza weupe wa katikati, mabega yakakaribiana
yasigusane, nikichunga adabu za pande zote mbili.

Alfajiri Lukelesha akatoka na elfu tano.
Saa nne karudi mikono mitupu, gundi haijafunguliwa.
Hayakubandikwa. Yaliombwa.
Kule Mwaloni wauza dagaa wameyatundika juu ya mizani zao,
kama onyo au kama hirizi, sijui.

Sisemi watashinda.
Nimewachapia walioshindwa wengi, na baadhi bado nawadai.
Tena mtu mnyoofu akiwekwa namba mbili
aweza kugeuzwa ua la plastiki
katikati ya meza ya wakubwa wanaokula.
Nalijua hilo. Mama analijua kunishinda.

Jioni alipanda ngazi zangu, akachukua bango moja, akaomba mkasi.
"Nikatie huyu binti wa Magu. Huyo mwingine simjui."
Mama, haikatwi, nikamwambia.
Siku ile watakaa mstari mmoja, kisanduku kimoja,
na vema ni moja.

Akaliinamia kwa muda.
Kidole chake kikapita juu ya ile kofia, tundu kwa tundu.
"Viua hivi kashona nani?"
Sikujua.
"Muulize," akasema,
akaliviringisha bango zima
bila kulivunja katikati.